Maswali ya Wasomaji: Yoga na Mtoto Mwenye Usonji

Katika toleo lililopita niligusia kwa sentensi moja tu kwamba natumia mikao ya yoga (mazoezi ya mwili na pumzi yaliyotoka India) na watoto wenye usonji, yaani autism. Sikutegemea barua zote hizi. Basi barua za mgongo na za watoto wanaochelewa kutembea zitasubiri mwezi ujao. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy, kumsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku), nimesomea KCMC Moshi, na kazi yangu ya kila siku ni watoto, hapa Dar es Salaam. Yoga nilijifunza ukubwani, darasa la jioni pale Upanga, kwa ajili ya mgongo wangu. Barua nimezifupisha.

*Dada, shikamoo. Mwanangu ana miaka 6, mwaka jana walisema ana usonji. Maneno yake ni machache, na mengi anarudia tunayosema sisi. Anatembea kwa ncha za vidole, anapepea mikono, jioni nzima anaruka kwenye kochi, na usingizi unamjia saa sita au saa saba usiku. Kuna kituo kimeniambia wana yoga inayoponya usonji kwa miezi mitatu, shilingi laki sita, nilipe zote mwanzoni. Mume wangu anasema tuuze friji. Ni kweli inaponya? Na siwezi kumfanyisha mwenyewe nyumbani?*
*Mama wa Tabata*

Marahaba, mama. Friji msiuze.

Usonji hauponywi na yoga, wala na kitu kingine chochote kinachouzwa. Ndivyo ubongo wa mwanao ulivyojengeka tangu akiwa tumboni mwako, na wala hukumkosea kitu. Atakua nao, atajifunza mengi, na mengine atayajua kwa namna yake. Mtu anayekuahidi kuponya kwa miezi mitatu na anataka pesa zote mkononi kabla hajamwona mtoto, achana naye. Hizo laki sita, kama zipo, zipeleke kwa mtaalamu wa lugha na matamshi na kwenye nauli ya kumfikia.

Sasa nikueleze yoga inafanya nini, maana nisingeitumia kama haifanyi kitu.

Wewe ukifumba macho unajua mkono wako uko wapi na mguu umekunjika vipi. Habari hiyo inatoka kwenye misuli na maungio kwenda kwenye ubongo, bila wewe kuifikiria. Watoto wengi wenye usonji habari hiyo inawafikia hafifu, au inachanganyikana na kelele za feni, mwanga wa taa na lebo ya shati inayowasha shingoni. Mtoto asiyepata habari za mwili wake huzitafuta kwa nguvu. Kila mwanao anapotua kwenye kochi, magoti, nyonga na uti wa mgongo vinabanwa, na kwa sekunde hiyo anajijua yuko wapi. Kwa hiyo usiuone ule mruko kuwa ni utundu, ni mahitaji. Mikao ya yoga ambayo mikono na miguu inabeba uzito wa mwili inampa mbano ule ule, polepole, kwa mpangilio anaoweza kuuzoea. Na kuna kuiga. Mtoto hujifunza karibu kila kitu, hata kusema, kwa kumtazama mtu na kufanya kama yeye, na hapo ndipo watoto wengi wenye usonji wanapopata shida. Kule Bangalore, India, watafiti waliwafuatilia watoto 6 wenye usonji kwa miezi 10 ya yoga, wazazi wakifanya pamoja nao na kuendelea nyumbani, wakaandika mwaka 2010 kwamba uwezo wa watoto wale wa kuiga uliongezeka. Watoto 6 ni wachache mno kumthibitishia mtu jambo, na tafiti nyingi za eneo hili ni ndogo namna hiyo. Ila mzazi kufanya pamoja na mtoto ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote. Ninaamini kwa dhati kwamba yoga inayomfaa mtoto huyu ni ile ndogo, ya kila siku, isiyobadilika, inayofanywa na mtu anayempenda ubavuni kwake. Hiyo hainunuliwi kwenye kituo.

Ndiyo, fanya mwenyewe. Nikupe mfano wa kijana mmoja wa miaka 7, wazazi wake wameniruhusu kuusimulia bila jina. Alikuwa akifika kwenye chumba changu anaingia chini ya meza na kuziba masikio. Kwanza nilizima feni. Kisha nilitandika mkeka mmoja kwa ajili yake na mmoja wangu, yote ikielekea ukutani, nikakaa kwenye wangu bila kumwita. Nilipiga magoti na kuweka viganja chini kama mtoto anayetambaa, nikaukunja mgongo juu, nikaubonyeza chini, taratibu, kisha nikatulia. Halafu nikarudia. Sikusema "njoo" wala "angalia hapa". Maneno mengi kwa mtoto kama huyu ni mzigo mwingine wa kubeba. Akatoa kichwa chini ya meza, akakirudisha. Baada ya majuma kadhaa ya kufanya hivyo hivyo alitoka akaja kwenye mkeka wake, akaweka viganja chini, akaukunja mgongo, na akatoa sauti ya paka kabla yangu. Mama yake aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni alijiziba mdomo kwa mtandio. Leo yule kijana bado ni mtoto mwenye usonji, bado hapendi feni. Lakini akitoka shule amevurugika, anauendea mkeka mwenyewe.

Kwa hiyo mama, tenga kona moja, mkeka ule ule, saa ile ile. Kaa ubavuni kwake muelekee upande mmoja. Mkitazamana, mkono wako wa kulia unakuwa upande wake wa kushoto, na hilo peke yake linamchanganya mtoto anayejifunza kuiga. Kama sakafu ni ya vigae, mkeka wa ukindu unateleza, weka chini yake kitambaa chenye unyevu kidogo au tumia zulia. Na msifanyie kitandani, maana godoro linazama na kifundo cha mguu kinayumba.

Mpige picha yeye mwenyewe akiwa katika kila mkao, zichapishe steshenari ukubwa wa kiganja, uzibandike ukutani kwa mfuatano, kutoka kushoto kwenda kulia. Mkimaliza mkao mmoja, anaigeuza picha yake. Mtoto huyu hatulii kwa sababu tu umemwambia atulie. Hutulia anapoona kitu kinaanzia wapi, kinafuatiwa na nini na kinaisha lini. Picha nne zinatosha kuanzia. Dakika tatu mpaka tano zinatosha pia, na ukimwona anataka kuendelea, maliza hivyo hivyo akiwa bado anatamani.

Mfuatano wenyewe uanzie pale mwili wake ulipo. Jioni mwili wake uko juu, kwa hiyo usimwambie alale chali mara moja. Anzeni kwa kuruka, kumi mkihesabu kwa sauti. Kisha kusukuma ukuta kwa viganja viwili, miguu nyuma, visigino vikikandamizwa chini. Huo unanyoosha misuli ya nyuma ya mguu, ile inayokaza kwa mtoto anayetembea kwa ncha za vidole. Kisha paka niliyemweleza hapo juu. Mwisho kulala chali miguu ikiegemea ukutani, taa imepunguzwa. Huo wa mwisho rudieni tena kabla ya kulala, peke yake bila kuruka, baada ya kuoga, na televisheni na simu ziwe zimeshazimwa. Usingizi wa shida ni wa kawaida sana kwa watoto wenye usonji, na siwezi kukuahidi kwamba mkao mmoja utauleta saa tatu. Nimeona ukisaidia pale unapokuwa sehemu ya utaratibu usiobadilika wa kila usiku.

Pumzi ni jambo la peke yake. "Vuta pumzi" ni amri isiyo na maana kwa mtoto wa miaka 6, haoni anachotakiwa kuvuta. Mpe kitu cha kupuliza: unyoya wa kuku uliooshwa, mapovu ya sabuni, kipande cha tishu ukutani ambacho hatakiwi kukiacha kianguke. Tunachotafuta ni kutoa pumzi kwa muda mrefu. Pumzi inapotoka polepole, mapigo ya moyo hushuka kidogo, kwa kuwa kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo mpaka kifuani na tumboni, na kazi yake mojawapo ni kuupunguza mwendo wa moyo. Kuvuta kutajileta kwenyewe.

Kupepea mikono usimkataze, iwe kwenye mkeka au nje ya mkeka. Hakumuumizi mtu, na mara nyingi ndiyo njia yake ya kujituliza au kufurahi. Vilevile akishalipuka, analia na kujirusha chini, huo si wakati wa kumfundisha mkao wowote. Punguza sauti na mwanga, kaa karibu, ngoja. Mikao hufunzwa akiwa ametulia, ili siku moja aikumbuke mwenyewe akiwa hajatulia.

Halafu mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) amwangalie visigino. Kama hata akiwa amelala amelegea kifundo cha mguu hakikunjiki vizuri, kusukuma ukuta hakutatosha. Na mtaalamu wa matamshi msimwache kwa sababu ya yoga.

*Daktari, binti yangu ana miaka 11, ana usonji na kifafa, anatumia dawa. Nimeona kwenye YouTube zoezi la kupumua kwa kupuliza haraka haraka kwa tumbo, wanasema linasafisha akili. Analipenda. Aendelee?*
*Baba, Mwanza*

Asiendelee, baba, kuanzia leo. (Mimi si daktari, lakini hili halihitaji kusubiri.)

Kupumua haraka na kwa nguvu kunapunguza hewa ya ukaa kwenye damu, na kunaweza kuamsha aina fulani za degedege la kifafa. Hospitalini, mgonjwa anapopimwa umeme wa ubongo, huombwa apumue hivyo kwa dakika kama tatu kwa makusudi, ili kama kuna shambulio lililojificha lionekane hapo wakiwepo watu wa kumsaidia. Hicho si kitu cha kufanyia sebuleni. Kubana pumzi nako kuacheni. Nalisema hili kwa wazazi wote wanaosoma, kwa sababu kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, na kuna watoto ambao hakijajulikana bado. Mimi kwa mtoto yeyote mwenye usonji situmii pumzi za haraka, awe na kifafa au asiwe nacho.

Kilichobaki ni kingi. Kwa kuwa anapenda kupuliza, mpe filimbi au mapovu, pumzi moja ndefu na kupumzika katikati. Kuunguruma kama nyuki mdomo ukiwa umefungwa kunawafaa baadhi, mtikisiko wake wanausikia kwenye taya na kifua. Wengine hawaupendi kabisa, na uso wake utakuambia. Mikao ya kusimama kwa mguu mmoja afanye mgongo uko karibu na ukuta na pasiwe na meza yenye kona. Kichwa chini miguu juu, hapana. Dawa zisiruke hata siku moja, na usingizi mlinde, maana kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha kifafa. Anayemhudumia kliniki mwambieni mmeanza mazoezi haya.

Na kwa kuwa ana miaka 11, baba, ni vizuri mama yake au shangazi ndiye awe naye kwenye mkeka. Mwili wake unabadilika. Mfundisheni sasa hivi kwamba mtu akitaka kumshika mguu au mgongo kumrekebisha, anamuuliza kwanza, na yeye ana haki ya kukataa kwa neno, kwa kichwa, au kwa kusukuma mkono. Binti anayeheshimiwa hivyo kwenye mkeka anajifunza kitu atakachokihitaji mahali pengine pagumu zaidi.

*Mwanangu, mjukuu wangu wa miaka 4 hataki kuvua soksi wala kukanyaga mkeka. Mama yake anamshikilia, mtoto analia mpaka anatapika. Na mimi nataka kumsaidia ila magoti yangu mabovu.*
*Bibi, Tanga*

Shikamoo bibi. Mwambie mama yake aache kumshikilia, tafadhali, hata kama nia ni njema. Ukindu unachoma ngozi yake kwa namna ambayo mimi na wewe hatuisikii. Tandikeni juu ya mkeka kanga iliyofuliwa mara nyingi, au shuka kuukuu, na soksi abaki nazo. Ila soksi zinateleza, kwa hiyo mambo yote ayafanye ameketi au amelala mpaka atakapozoea.

Wewe kaa kwenye kiti kigumu kisicho na magurudumu, yeye kwenye kigoda ubavuni kwako, wote mkitazama dirishani. Kandamiza viganja vyako kifuani kimoja dhidi ya kingine, kwa nguvu, hesabu mpaka tano, achia. Inua mikono juu, shusha. Jikumbatie mabega, kaza, achia. Ndiyo yoga hiyo, bibi, na magoti yako hayahusiki. Fanya hata kama hakutazami. Wanatazama kwa pembe ya jicho.

*Assalaam alaikum dada. Sisi wa Unguja tunaishi Muscat. Kituo cha mwanangu kinawafanyisha watoto yoga na yeye anatulia kweli. Lakini mume wangu ameambiwa ni ibada ya Mabaniani, tunamharibu mtoto. Unasemaje?*
*Ummu, Muscat*

Waalaikum salaam warahmatullah. Mumeo ana haki ya kuuliza, na mimi niliuliza vilevile kabla sijaingia lile darasa la Upanga.

Yoga imezaliwa India na mizizi yake imo ndani ya dini za kule. Anayesema vingine anaficha. Kuna mahali inafanywa kama ibada, kuna mahali inafanywa kama mazoezi ya mwili, na wanazuoni wa Kiislamu hawajawa na kauli moja. Mwaka 2008 baraza la taifa la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganya mazoezi, mambo ya ibada na kuimba maneno ya ibada. Mwaka 2017 Saudi Arabia, nchi yenye Makka na Madina, iliitambua yoga kama shughuli ya michezo, na aliyeipigania sana ni mwanamke wa Kisaudi, Nouf Marwaai, ambaye mwaka uliofuata India ilimpa nishani ya Padma Shri. Ukizitazama kauli hizo mbili, zinagombania jambo moja: maneno ya ibada na nia.

Nikuambie ninachofanya mimi chumbani kwangu. Hakuna kuimba neno lolote la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, hakuna sanamu, hakuna ubani, na huo ubani ningeuondoa hata kama dini isingekuwepo, kwa sababu harufu kali inawavuruga watoto hawa. Hatufungi mazoezi kwa kuunganisha viganja na kuinama. Mikao inaitwa kwa vitu mtoto anavyovijua: paka, mti, daraja, mlima. Kuna mmoja wa kupiga magoti na kuweka paji la uso chini, na wazazi kadhaa wameniambia hawapendi mtoto aufanye kama mchezo kwa kuwa unafanana na sijda. Nimewaelewa. Watoto wao wanaegemea mto mkubwa kwa kifua, uso ukiangalia pembeni, na mgongo unapata mnyoosho ule ule. Wazazi Wakristo nao wamenijia na wasiwasi wao, na jibu langu ni hili hili.

Basi nendeni kituoni, wewe na mumeo pamoja, mkae pembeni mtazame kipindi kizima kwa macho yenu. Muulize mwalimu maneno anayoyatamka maana yake nini. Kuna lisilowaridhisha, liondolewe. Mwalimu mzuri hatakataa. Kisha mumeo amweleze sheikh mnayemwamini kile alichokiona, siyo jina tu. Mimi si mufti na fatwa sitoi. Ila kama mtoto anatulia kwa kunyoosha mgongo na kupuliza mapovu, nisingependa apoteze kitu hicho kwa sababu ya neno lililosikiwa mlangoni mwa msikiti.

*Mwalimu mwenzetu, nafundisha kitengo cha elimu maalumu shule ya msingi. Nina watoto 14, wengine wana usonji, wawili wana sindromu ya Down, wengine mtindio wa ubongo (cerebral palsy). Mikeka hakuna, msaidizi ni mmoja. Naanzaje?*
*Mwalimu, Dodoma*

Barua yako nimeisoma kwa furaha, mwalimu, kwa sababu darasani ndipo ninapotamani kitu hiki kifike. Wazazi wanaoweza kunifikia mimi ni wachache sana.

Kuna mfano wa kukutia moyo. Katika shule za umma za jiji la New York, mtaalamu wa tiba kwa vitendo Anne Buckley-Reen aliandaa programu ya yoga ya darasani iitwayo Get Ready to Learn. Kristie Koenig na wenzake, Buckley-Reen akiwemo, waliwafuatilia watoto wenye usonji walioifanya kila siku ya shule asubuhi kwa wiki 16, wakawalinganisha na wenzao waliobaki na utaratibu wao wa kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2012: walimu waliona tabia zinazovuruga darasa, kama hasira na kutotulia, zimepungua kwa walioifanya. Tukumbuke walimu hao walijua nani anafanya na nani hafanyi, kwa hiyo si ushahidi wa mwisho. Mimi nilichokichukua kwao ni utaratibu wenyewe. Inafanywa darasani, na mwalimu wao, kabla ya somo la kwanza, kila siku. Mtoto hatolewi nje kwenda kwa mgeni.

Mikeka usiilaumu. Una viti, una ukuta, una sakafu. Chora kwa chaki duara la kila mtoto, awe na mahali pake, jina au alama yake ndani. Chagua mambo matano usiyoyabadilisha muhula mzima: kusukuma ukuta, kusukuma kiti chini kwa viganja huku umeketi, mlima (kusimama wima na kutulia), mti (kusimama kwa mguu mmoja) huku mkono mmoja umeshika ukuta, na kuinamisha kichwa juu ya mikono kwenye dawati kwa kumalizia. Michoro mitano mikubwa ubaoni, msaidizi akionyesha kwa fimbo mko wapi. Sauti yako iwe chini. Wenye mtindio wa ubongo wafanye yote wakiwa wameketi, na mtu wa fiziotherapia akiwapitia mwombe akuonyeshe mguu upi haupaswi kuvutwa.

Atakuwepo mtoto atakayesimama mlangoni wiki nzima bila kufanya lolote. Mwache pale pale mlangoni, na duara lake usilifute. Atakuwepo mwingine atakayefanya mti tu, asubuhi mpaka mchana. Huyo naye mwache.

Sasa wale wawili wenye sindromu ya Down, na hapa naomba usome mara mbili. Hii ni hali ya kuzaliwa nayo. Watoto hawa viungo vyao ni laini, na kwa baadhi yao pingili mbili za juu kabisa za shingo zimelegea kuliko inavyotakiwa. Uti wa mgongo unapita hapo hapo. Hivyo hakuna kusimama kwa kichwa, hakuna kupinduka, hakuna kulala chali na kurusha miguu nyuma ya kichwa, hakuna kukunja shingo kwa nguvu mbele wala nyuma. Hata ule wa kuinamia dawati, kwao weka begi chini ya mikono ili shingo isishuke sana. Wanavyonyumbulika wanaweza kukushawishi kuwasukuma mbali zaidi, usiwasukume. Zungumza na wazazi wao kabla hujaanza, uwaulize kama daktari aliwahi kuwaambia lolote kuhusu shingo. Ukiona mtoto ameanza kuinamisha kichwa upande mmoja, kulalamika shingo, kujikwaa kuliko zamani, kulegea mikono au kujikojolea wakati alishaacha, simamisha mazoezi siku hiyo hiyo na umwambie mzazi ampeleke hospitali.

Niandikie baada ya mwezi, uniambie lipi kati ya yale matano limekataa. Nitakutafutia badala yake.